Picha ya Ukutani na Nchi Iliyo Nje ya Dirisha



Ingieni katika nyumba yo yote ya mji wetu wa Bukavu, iwe Ibanda, Kadutu au Bagira, nanyi mtaona jambo moja. Ukutani, juu ya kiti cha baba au karibu na kabati la vyombo, imebandikwa picha iliyokatwa katika gazeti au kalenda: mlima wenye theluji, simba aliyelala chini ya mti, njia ndefu ipitayo msituni, ziwa lililotulia kama kioo. Mara nyingi mwaka wa kalenda ile ulikwisha pita zamani, wala hakuna anayetazama tena tarehe zake. Lakini picha imebaki. Mama huipangusa vumbi, watoto huitazama wakila. Mtu hatunzi hivyo kitu kisichouvuta moyo wake.

Hivi karibuni baba mmoja wa Kadutu alinieleza shida yake. "Mwalimu," alisema, "mwanangu ana miaka 17. Kila apatapo franka kidogo hununua magazeti ya kale ya Wazungu kwa wauzaji wa barabarani, akakata picha za nchi za mbali. Ukuta wa chumba chake hauonekani tena. Vitabu vya shule amevisahau. Asema hapa kwetu hakuna kitu cha kutazama, na ya kuwa ataondoka, kwa njia njema au kwa njia mbaya. Nataka kuyachoma magazeti yale yote. Wewe waonaje?"

Nilimwomba asiwashe moto kwanza. Jambo hili si la nyumba yake peke yake, kwa hiyo nimeona yafaa tulitazame pamoja katika ukurasa huu.

KWA NINI PICHA HUTUVUTA?

Kwanza tusilidharau jambo lenyewe. Kupenda kutazama mlima, maji na mnyama si uvivu wala upuuzi. Mkulima wa Kabare ashukaye shambani asubuhi husimama kidogo, jembe begani, akalitazama ziwa kule chini. Hakuna aliyemfundisha kufanya hivyo. Picha ya gazeti humpa mtu aliyefungwa na kazi, na umaskini, na barabara mbovu, nafasi ya kusimama vile vile mbele ya nchi asizoweza kuzifikia. Mgonjwa aliye kitandani aweza kuuona mlima Kilimanjaro. Bibi asiyejua kusoma aweza kuiona bahari. Hiyo ni zawadi, na zawadi haichomwi moto.

Wenye magazeti waliijua nguvu hiyo tangu mapema. Gazeti la National Geographic lilianzishwa huko Washington mwaka 1888, na mwanzoni lilikuwa kurasa kavu za wataalamu. Mwezi wa Julai 1906 lilichapa picha 74 za wanyama wa porini, kazi ya Mmarekani George Shiras, aliyewapiga picha nyingi usiku kwa mwanga wa ghafula. Wakubwa wawili wa chama chenye gazeti wakajiuzulu kwa hasira, wakisema kwamba gazeti la elimu lageuzwa kuwa kitabu cha picha. Lakini gazeti halikurudi nyuma. Picha ndizo zilizolifanya lijulikane duniani kote, hata kwa watu wasiosoma neno moja la Kiingereza.

Lakini yatupasa kukumbuka ya kwamba picha nzuri ni kazi, tena ni kazi ya kuchagua. Mpiga picha huamka kabla ya jua, kwa maana mwanga wa alfajiri na wa jioni ni mpole, bali wa adhuhuri ni mkali nao huharibu rangi. Huchagua mahali pa kusimama. Hungoja wingu liondoke, mnyama ainue kichwa, upepo utulie juu ya maji. Hupiga picha mamia na maelfu, kisha mhariri huchukua chache tu. Basi kile tukionacho katika ukurasa ni dakika moja iliyochaguliwa katika siku nyingi. Mbu hawamo. Tope halimo, wala njaa, wala gharama ya safari, wala zile siku kumi za mvua ambazo mpiga picha alikaa hemani bila kufanya kitu.

Hapo ndipo lilipo kosa la kijana wa Kadutu. Yeye analinganisha dakika moja iliyochaguliwa ya nchi za wengine na mwaka mzima wa nchi yake mwenyewe. Kwa mizani ya namna hiyo, hakuna nchi duniani isiyoshindwa.

Tena mara nyingine mkono wa mtu huingia. Katika jalada la Februari 1982 gazeti lile lile la National Geographic lilionyesha piramidi za Giza, katika nchi ya Misri. Picha yenyewe ilikuwa pana, na jalada ni jembamba la kusimama. Basi wakazisogeza kwa mashine ili zikaribiane. Majengo yaliyokaa mahali pake miaka zaidi ya 4,000 yakahamishwa ili yaenee katika karatasi! Wasomaji walipotambua walinung'unika sana, na tangu hapo mambo hayo hufundishwa kwa wapiga picha kama mfano wa jambo lisilofaa. Siku hizi, kwa simu ya mkononi na kwa mashine zinazochora picha zenyewe, hata mtoto aweza kuhamisha mlima. Ndiyo maana kujifunza kutazama kumekuwa elimu ya lazima, kama kujifunza kusoma.

KIVU YETU KATIKA MAGAZETI YA WATU

Sasa tuje kwetu. Zamani za Wabelgiji, mji wetu ulipokuwa ukiitwa Costermansville, Kivu ilisifiwa kwa wageni kama Uswisi ya Afrika. Si ajabu: ziwa liko juu, mita 1,460 hivi kupita usawa wa bahari, hewa ni ya baridi, na rasi za Bukavu zaingia majini kama vidole vya mkono. Serikali ya kikoloni ilikuwa na idara yake ya picha, Congopresse, iliyoyagawia magazeti picha za nchi. Kwa miaka mingi kazi hiyo ilikuwa ya Wazungu. Mwaka 1956 ndipo Mkongo Joseph Makula alipoanza kuifanya huko. Ukizitazama picha nyingi za wakati ule utaona ziwa, maua, nyumba nyeupe na gari jipya. Mwenyeji, kama yumo, amesimama pembeni, kana kwamba amewekwa pale ili tujue urefu wa mti.

Baba yule aliniambia neno lililonigusa. Kati ya picha zilizobandikwa na mwanawe, moja ni ya ziwa Kivu, iliyopigwa kutoka juu, zamani, kabla vilima havijajaa nyumba. Kijana ameibandika kati ya picha za Uswisi, akidhani ni ya huko. Sisi tusimcheke. Picha ile ilitengenezwa ili mgeni asione Afrika ngeni mno; na mtoto wa Kadutu, miaka mingi baadaye, ameisoma kama ilivyotakiwa isomwe.

Na siku hizi je? Katika magazeti ya dunia Kivu ina picha mbili. Ya kwanza ni ya ngagi, yaani gorila, akitutazama kutoka katika majani. Ya pili ni ya mkimbizi mwenye mzigo kichwani: mwaka 1994, wakimbizi wa Rwanda walipofurika kwetu, 1996 na 1998, vita vilipotufikia, na tena Februari 2025, wapiganaji wa M23 walipoingia mjini. Picha hizo si za uongo. Yaliyoonyeshwa yalitokea, na wengi wetu twayajua bila kuonyeshwa. Lakini kati ya ngagi na mkimbizi kuna mji wenye watu zaidi ya milioni moja, wafundishao, washonao, waoao, wauzao mihogo, wazikao wazee wao. Hao hawana picha.

Hata picha nzuri ya kazi yetu huficha nusu ya habari. Twaijua wote ile ya wavuvi wa sambaza: mitumbwi mitatu imefungwa pamoja, miti mirefu imeelekea mbele na nyuma kama pembe, nao watoka jioni wakipiga makasia, jua likizama nyuma ya milima. Ni picha ya kupendeza kweli. Lakini haisemi kwamba samaki huyu si mwenyeji wa ziwa hili, maana aliletwa kutoka Tanganyika mwaka 1959. Haisemi kwamba wavuvi hukesha na taa ili kumvuta samaki, wala bei ya mafuta ya taa hizo, wala mama angojaye ufukweni alfajiri na beseni lake. Wala haiwezi kuonyesha kwamba chini ya maji yale yaliyotulia kumelala gesi nyingi sana, kama kilometa 60 za mchemraba za methani na 300 za kaboni dayoksaidi. Kamera huona ngozi ya maji tu. Yaliyo chini yahitaji maneno, na elimu.

PICHA ZILIZOTUMIKIA, NA WATU WALIOACHWA NJE

Mtu asidhani kwamba naishitaki kamera. Nchi yetu imepata faida kubwa kwake, na haki yataka tuseme.

Mmarekani Carl Akeley alikuja katika milima ya volkano mwaka 1921 kuwaua ngagi kwa ajili ya jumba la makumbusho la New York. Aliwaua, lakini pia alikuwa na kamera ya picha za sinema aliyoivumbua mwenyewe, na kwa kamera hiyo alikuwa wa kwanza kupiga picha za namna hiyo za ngagi walio huru porini. Baada ya kuwatazama hivyo alirudi kwao akiomba mahali pa kuwalinda. Mwaka 1925 Mfalme Albert wa Ubelgiji akaanzisha Hifadhi ya Albert, ambayo leo ni Virunga, hifadhi ya taifa ya kwanza katika Afrika. Akeley alirudi mwaka 1926, akafa mlimani Mikeno, akazikwa huko huko.

Karibu zaidi nasi, twaukumbuka msitu wa Kahuzi-Biega. Mbelgiji Adrien Deschryver, mpiga picha na mlinzi wa wanyama, aliwazoeza ngagi wa huko kukaa karibu na watu, akajitahidi mpaka hifadhi ya taifa ilipotangazwa mwaka 1970. Mwaka 1975 hifadhi ilipanuliwa ikafika kama kilometa za mraba 6,000, na mwaka 1980 Unesco iliiweka katika urithi wa dunia. Hesabu ya mwaka 1990 ilionyesha ngagi 258 katika upande wa milimani. Baada ya vita, mwaka 2000, walionekana kama 130 tu. Kama dunia isingekuwa imeziona picha zao, nani angaliuliza habari za wale 130?

Kadhalika mwaka 2007. Julai ya mwaka ule ngagi kadhaa waliuawa kwa risasi katika Virunga, na jambo hilo lilihusishwa na biashara haramu ya makaa, yaani makala kama tusemavyo hapa. Mpiga picha Brent Stirton, wa Afrika ya Kusini, aliwapiga picha watu wakimbeba dume mkubwa, Senkwekwe, juu ya fito, wamejipanga kama watu waendao maziko. Picha ile ilizunguka dunia. Watu ambao hawakupata kusikia jina la Kivu wakauliza: Nani amefanya hivi? Picha moja ilifanya kazi ambayo barua nyingi za walinzi hazikuweza kuifanya.

Lakini sasa nitaje jambo la pili, lililo zito. Msitu wa Kahuzi ulikuwa makao ya Watwa. Humo waliwinda, wakapata asali na dawa, wakazika wazee wao. Katika miaka ya 1970 walitolewa, maelfu ya watu, bila kulipwa, bila kupewa mashamba ya kuwatosha. Waliobaki kando ya msitu wakawa vibarua na waombaji katika nchi waliyoijua kuliko mtu ye yote. Mwaka 2018 wengine wao walirudi msituni, na tangu hapo kumetokea ugomvi, miti imekatwa, damu imemwagika kwa Watwa na kwa walinzi pia. Mwaka 2024 ulitangazwa uamuzi wa Tume ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, ya kwamba haki za Watwa hao zilivunjwa.

Sisemi kwamba picha ndizo zilizowafukuza. Sheria ya hifadhi ndiyo iliyowatoa, na wenye mamlaka ndio walioitekeleza. Lakini fikirini: macho yaliyozoezwa miaka mingi kuona msitu mzuri kuwa ni msitu usio na mtu, yataona ubaya gani mtu anapoondolewa humo? Katika picha, Mtwa hakuwamo tangu mwanzo. Ngagi wa Kahuzi wana majina yajulikanayo mbali: Casimir, Mushamuka, Maheshe, Chimanuka. Ni vema wawe nayo. Lakini mtafuta-njia aliyemwongoza mpiga picha, aliyejua kusoma jani lililovunjika na kinyesi kilicho bado na joto, mara nyingi chini ya picha ameandikwa "mwenyeji", au hakuandikwa kabisa.

Na wenye magazeti wenyewe wameanza kulikiri jambo hili. Katika toleo la Aprili 2018 mhariri wa National Geographic, Susan Goldberg, alieleza wazi kwamba kwa makumi ya miaka gazeti lake liliwaonyesha watu wa nchi nyingine kwa macho ya ubaguzi. Gazeti lilikuwa limemwomba mtaalamu wa historia, John Edwin Mason, alipekue kutoka nje. Aliona kwamba wenyeji walionyeshwa kama watu wa ajabu, wawindaji wenye furaha, wasiovaa nguo, wanaoshangaa vyombo vya Wazungu. Kukiri huko ni jambo la heshima. Lakini hakuwezi kutupa sisi picha tusizozipiga.

TUFANYE NINI NYUMBANI?

Basi nalimjibu baba yule hivi. Magazeti usiyachome. Ukiyachoma, mwanao atakwenda kuyatazama kwingine, nawe hutakuwapo karibu naye. Afadhali ingia chumbani mwake, keti kitandani, umwombe akuonyeshe picha aipendayo kuliko zote. Kisha ulizaneni maneno manne: Ni nani aliyeipiga, na alilipwa na nani? Alisimama wapi? Ilikuwa saa gani, na mwaka gani? Ni kitu gani kimeachwa nje ya ukingo? Katika ile picha ya ziwa letu swali la nne peke yake litawapatia maneno ya jioni nzima. Hapo kijana hatakuwa tena mtu anayenyweshwa picha. Atakuwa msomaji wake.

La pili, mpe kazi. Karibu kila nyumba siku hizi ina simu yenye kamera. Mwambie apige picha kumi za kilima chenu, si za kupamba bali za kueleza: bonde linalomomonyoka na nyumba zilizo ukingoni mwake, fundi kazini, bibi akimenya mihogo, ziwa saa kumi na mbili ya asubuhi. Aombe ruhusa kwa kila mtu kabla ya kumpiga, na aandike jina lake, mahali na tarehe. Lakini muonye kwa ukali: asipige askari, wala daraja, wala kituo cha mpakani, wala watu wenye silaha wa upande wo wote. Katika siku kama hizi zetu picha moja ya upuuzi yaweza kumgharimu maisha yake. Kama ana moyo wa kazi hii kweli, utauona katika picha ya kumi, si ya kwanza.

La tatu, juu ya kuondoka. Kutamani kuona dunia si dhambi, wala si kuidharau nchi. Lakini wako watu wawaonyeshao vijana picha hizi hizi za miji mizuri, wakiwaomba mamia ya dola kwa safari isiyo na hati. Kijana aliyejifunza kuuliza "Ni nini kilichoachwa nje ya ukingo?" atamwuliza hivyo hivyo mtu yule. Alale wapi? Afanye kazi gani? Wa kwanza aliyesafirishwa yuko wapi leo, na aweza kuongea naye kwa simu? Mwenye kuuza ndoto hayapendi maswali hayo.

Nanyi akina baba na akina mama mliobaki, ninyi pia mna kazi. Katika kila nyumba kuna bahasha au sanduku la picha za jamaa: harusi ya babu, ubatizo, darasa la mwaka fulani, nyumba ya kwanza iliyokwisha bomoka. Nyuma yake hapana neno lililoandikwa. Bibi ndiye ajuaye ni nani na ni wapi, na bibi hataishi daima. Jumapili hii, baada ya chakula, zitoeni mezani, mketi naye, na mtoto mwenye mwandiko mzuri aandike nyuma ya kila moja kwa kalamu ya risasi, isije wino ukapenya: jina, mahali, mwaka. Msipojua mwaka, andikeni "kabla ya vita" au "mwaka wa mvua kubwa", kama bibi atakavyosema. Na kama kuna mmoja asiyejulikana na mtu ye yote, mpelekeeni jirani mzee amtazame, kabla hamjamrudisha sandukuni.